Dada Aliniomba Radhi Nikiwa Maiti wa Filamu

Nilikuwa nimelala ndani ya sanda. Pamba puani, uso wazi, macho nimeyafumba.

Mzima kabisa, jamani. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekunywa chai na vitumbua.

Ndipo nikamsikia dada yangu wa tumbo moja, Zulekha, anapiga magoti kichwani pangu. Akainama mpaka pumzi yake nikaisikia sikioni.

"Sitara, mdogo wangu, niwie radhi. Ismail si wa mume wangu. Ismail ni wa Mbaruku wako."

Mbaruku ni marehemu mume wangu.

Na Ismail ni mtoto wa dada. Mimi ndiye niliyemnyoa nywele za kwanza. Siku ile ya kumnyoa nikasema kwa mdomo wangu huu, mbele ya watu, mbona kidevu cha mtoto huyu nakijua... Watu wakacheka. Mbaruku naye akacheka.

Wajukuu zangu wa humu, mnaopenda kusoma mambo ya watu huku mnakula chipsi, wekeni sahani chini. Nitawaeleza nilifikaje kwenye ile sanda.

Kuna mfanyabiashara hapa Kariakoo, Theophil, Mchaga wa Rombo. Anauza mabomba na masinki kwa jumla. Mwaka huo alikwenda kwao Krismasi akiwa muuza masinki, akarudi akiwa mwenye filamu. Wazo alilipatia huko kijijini, na mbege, ile pombe yao ya ndizi, ilikuwepo, sitaki kusema zaidi.

Alitaka filamu ya sayansi. Mwaka elfu tatu, dunia imeoza, watu wa Kariakoo wote wanahamia mwezini na mizigo yao. Bibi mmoja anagoma kuondoka. Anakufa, na msiba wake ndio msiba wa mwisho duniani.

Huyo bibi ndiye mimi.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akaniambia kwa heshima zote kwamba nyumba yangu ya hapa Kariakoo ni ya zamani, na sura yangu ukiitazama unaona kweli mambo yamefika mwisho.

Nikakubali. Uzeeni ukisifiwa, huchagui sifa.

Kosa la Theophil lilikuwa moja. Aliajiri madairekta wawili.

Wa kwanza Rogath, kijana wa kwao, mpole, kasomea filamu Ulaya. Huyo anapenda kimya. Atakuweka utazame ukuta mpaka ukuta uone aibu. Na anapenda migongo. Ukiongea naye unageuzwa, anapiga mgongo.

Wa pili Haruna, mtoto wa Kariakoo wa kuzaliwa. Kabla ya kuwa dairekta alikuwa mtafsiri kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Filamu inapigwa ya Kichina, yeye kashika maiki anawapa watu Kiswahili. Kichina hajui hata cha kuombea maji, lakini watu walikuwa wanaacha filamu za Kiswahili wanakuja kumsikiliza yeye. Huyo anataka kelele. Radi, moshi, vibao.

Theophil alifikiria kama mtu wa duka. Mteja anayetaka vitu vya maana atampata kwa Rogath, anayetaka kulia atampata kwa Haruna. Akasahau mafahali wawili hawakai zizi moja.

Basi asubuhi mimi ni bibi bubu, natazama ukuta. Mchana bibi huyohuyo nampiga roboti kofi. Roboti mwenyewe ni mpiga debe wa stendi ya Gerezani aliyevalishwa yale makaratasi ya kung'aa ya kukingia jua kwenye vioo vya gari. Chombo cha kwenda mwezini ni tangi la maji lililopakwa rangi ya fedha. Ndani mlikuwa na mjusi, na hakutaka kuhama.

Rogath akisema "kimya", Haruna anasema "lia". Nikitoa chozi, Rogath analifuta.

Ikafika hatua wakakabana mashati. Theophil akawaamua kama ndugu wanaogawana chumba kwa pazia. Picha zote ni za Rogath. Sauti zote ni za Haruna. Na wakati wa kupiga picha za Rogath, Haruna asifungue mdomo.

Siku ya msiba ilikuwa ya Rogath.

Alitaka msiba wa kweli. Kamera zikafichwa, moja nyuma ya pazia, nyingine juu ya kabati. Kinasa sauti kikawekwa uvunguni, karibu na chetezo cha ubani. Turubai likafungwa mlangoni, mikeka ikatandikwa, majirani zangu wakavaa kanga. Wakapewa amri moja tu: mtu akiuliza, msimjibu, lieni.

Nikamwambia, "Rogath, baba, mtaa huu ukifunga turubai watu hawaulizi nani kafa. Wanaingia kwanza."

"Ndicho ninachokitaka, bibi," akasema.

Sasa Zulekha.

Dada yangu anakaa Magomeni. Tangu Mbaruku afariki, mapenzi yetu yalipoa. Kila Idi atakuja, atakaa kwenye ncha ya kiti, chai hamalizi, huyo kaondoka. Mimi nilijua ni kiburi. Mwanawe ana duka kubwa la vitenge Mtaa wa Narung'ombe, nikasema basi dada siku hizi anaona vikombe vyangu vichafu.

Siku ile alikuwa anakwenda dukani kwa Ismail. Njia yake inapita mlangoni kwangu.

Akaona turubai.

Alimuuliza jirani yangu, "Nani?" Jirani, mtiifu kwa dairekta, akazidisha kilio na kunyoosha kidole ndani.

Akaingia.

Rogath alipomwona mwanamke mzima anaingia anayumba, ameshika ukuta, alijua ni mwigizaji wa Haruna. Haruna naye alijua ni mtu wa Rogath. Kwa mara ya kwanza kila mmoja akamsifu mwenzake moyoni. Hawakumzuia.

Hata mimi nilipoisikia sauti ya dada nilidhani Haruna kamleta kwa utani wake. Nikang'ata ulimi nisicheke.

Kwetu mnajua desturi. Maiti huombwa radhi kabla hajatoka ndani. Ukiwa na lako la kumwomba, hapo ndipo pa mwisho.

Zulekha akaomba.

Alipotaja Ismail, hamu ya kucheka iliniisha. Akaendelea.

"Ilikuwa mara moja... Hapana. Nisiseme uongo mbele yako. Ilikuwa mwaka mzima. Kila Idi nakuja nikwambie, nakukuta umemwekea Ismail mnofu mkubwa kuliko wote, nashindwa."

Nikafumbua macho.

"Zulekha," nikasema.

Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alinitazama, mdomo ukaenda upande mmoja taratibu, kama pazia lililokatika kamba. Mkono wa kulia ukaanguka. Halafu yeye mwenyewe akaniangukia kifuani.

Na hakuna aliyesema kata.

Rogath alikuwa anasubiri, maana anapenda picha ndefu. Haruna alikuwa amekatazwa kufungua mdomo. Majirani waliambiwa walie, wakalia. Mimi nahangaika na sanda, dada kanilalia, kamera inaendelea kula.

Aliyemnyanyua ni Ismail. Sikujua katokea wapi. Nilimwona tu ameinama, kambeba mama yake kama mtoto, anatoka naye chini ya lile turubai.

Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa.

Walipompa ruhusa hospitali, nikamwambia Ismail amlete kwangu. Ni karibu na duka, atamwona kila jioni, na mimi sina pa kwenda. Watu wakanisifu. Sitara ana moyo.

Moyo gani, wajukuu zangu. Nilimtaka karibu nimuulize.

Nimuulize nini sasa? Hana ulimi. Nikawa namlisha uji mwanamke aliyekula chungu kimoja na mimi bila kunong'oneza hodi. Kuna asubuhi nilikuwa nakishikilia kijiko hewani, namtazama, yeye ameachama. Jicho moja linatoka machozi. Lingine kavu kama la samaki wa juzi.

Halafu jioni Ismail anaingia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba."

Na kile kidevu.

Nikajiambia, Ismail hana kosa. Hakuomba kuzaliwa. Anaheshimika Kariakoo, wazee wanamtanguliza kwenye mambo yao. Siri hii nitakwenda nayo, na safari hiyo nitavaa sanda ya kweli.

Sikuikumbuka ile kamera.

Mpaka Rogath alipokuja. Alikuwa anang'aa uso, masikini. Kaninunulia na matunda.

"Bibi, sasa tuna filamu."

Alisema vipande vingine vyote ni takataka, Haruna kaviharibu. Lakini kile cha yule mama anayeomba radhi, hajawahi kuona kitu kama kile. Kila neno linasikika.

Nikamwomba akitoe. Nikamwambia yule hakuwa anaigiza, yule ni dada yangu, ndiye huyo kitandani.

Akamtazama Zulekha. Macho yakamlenga machozi, naapa.

"Ndiyo maana siwezi kukikata, bibi. Hiki ndicho cha kweli peke yake."

"Kweli ina wenyewe, baba."

"Ikishapigwa picha ni ya watu wote."

Msomi yule hakuwa mtu mbaya. Kwake yeye, Ismail na Mbaruku yalikuwa majina ya ndani ya filamu. Kwangu lilikuwa jambo la kesho yake: kipande kinazunguka kwenye simu za watu kutoka Gerezani mpaka Gongo la Mboto, na mwanangu anaitwa mwanaharamu mbele ya wateja wake.

Nikaenda kwa Theophil. Akanipa kiti, akanipa soda, akasema filamu yote imebaki kusimama kwenye kipande hicho. Wageni kashawaalika.

Nikaenda kwa Haruna. Nilimkuta anakata picha za harusi ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kichwa.

"Bibi, sauti ni yangu, sikatai. Lakini pale nikipagusa, itasemwa mimi ndiye niliyeiua filamu. Mjini hapa sitapata kazi tena."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akarudi kwenye harusi yake.

Siku ya kuonyeshwa ikafika. Alasiri, ukumbi mmoja wa harusi hapahapa Kariakoo. Watu wamejaa mpaka madirishani.

Nilikuwa nimemdanganya Ismail kwamba mama yake ana homa, wasije. Nikamkuta mlangoni kamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kamvika kanga mpya.

"Acha naye aone watu, mama mdogo."

Tukakaa watatu. Zulekha katikati, mimi na Ismail pembeni.

Filamu ikaanza, nami nikaanza kuzihesabu dhambi zangu.

Jamani, ilikuwa mbaya. Picha ni Rogath, sauti ni Haruna, na hawakuwahi kukutana hata njiani. Mimi natazama ukuta, kimya cha kaburini, halafu zinasikika ngumi. Nani kampiga nani, hakuna. Ukuta ule ule. Inafuata radi. Mgongo wangu unapita polepole kama jeneza, nyuma yake muziki wa kufukuzana magari. Tangi likapaa mwezini na kamba inayolivuta inaonekana.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Wengine wakawa wanasema wametuzingua hawa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja.

Ukaja msiba.

Hapo hata Rogath tumtendee haki. Moshi wa ubani unapanda, kanga zimejipanga, uso wangu mweupe wa pamba. Ukumbi ukanyamaza wenyewe. Mgongo wa Zulekha ukaingia, unayumba.

Zulekha akaushika upindo wa kanga yangu kwa ule mkono wake mzima. Alinishika kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Nikamtazama Ismail. Anatazama mbele.

Kwenye kioo kile kikubwa dada yangu akapiga magoti. Sauti yake ikatoka safi kabisa.

"Sitara, mdogo wangu, niwie—"

"NAAAM WATAZAMAJI! HAPA DADA MTU ANAONGEA NA MAITI!"

Haruna.

Kachukua maiki yake ya kibanda umiza, kaipachika sauti yake ndani ya filamu mahali pa ile ya dada, anatafsiri. Filamu ya Kiswahili, watu wanaongea Kiswahili, yeye anaitafsiri kwa Kiswahili.

"Anamwambia mdogo wangu roketi imeondoka! Tiketi yako nimempa fundi bomba! Anasema mwezini kumejaa, wanaobaki wasubiri jua lipoe! Oyaa, anaapa huyo!"

Ukumbi ulipasuka. Mtu mmoja alianguka na kiti chake. Hata Zulekha wa kwenye filamu alipoanguka, Haruna alimsindikiza: "Kazidiwa na hewa ya angani huyo, mpisheni!"

Watu wanalia kwa kucheka. Dada yangu anajiona anavyokatika ulimi, na mji mzima unamcheka.

Nikamkumbatia. Mama wa kiti cha mbele akageuka, akaona natokwa machozi, akanipa leso. "Hii kali, bibi," akaniambia.

Nilimwona Rogath anatoka, anapapasa ukuta kama kipofu. Theophil akamkaba Haruna shati palepale mbele ya watu, anamuuliza kwa nini. Haruna alikuwa mtulivu.

"Mazoea, bosi. Ulimi ulinizidi."

Mpaka leo ndivyo inavyosemwa. Filamu ilikuwa na kipande kimoja cha dhahabu na Haruna akakiharibu kwa uchizi wake wa vibanda umiza. Harusi hazimwiti tena. Msimcheke mkimwona, anauza vifuniko vya simu.

Mimi siku ile nilimtafuta nyuma ya ukumbi. Nikamshika mikono miwili, nikamwambia Mungu atamlipa kwa kunisitiri.

Akatikisa kichwa.

"Si kwa ajili yako, bibi. Wewe uliponiomba, moyoni nilikataa. Alikuja mwingine."

Akatazama nje, upande wa bajaji. Ismail alikuwa anamfunga mama yake mkanda.

Nikamfuata Ismail.

"Ulimwambia nini Haruna?"

Alimaliza kufunga mkanda kwanza.

"Nilikuwa mlangoni mwa chumba chako siku ile, mama mdogo. Nilimwona mama anakimbilia turubai, nikamfuata. Niliyasikia. Nikamwomba Haruna ayafukie, usije ukaaibishwa mbele ya watu."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi sikuwa na la kuaibika. Nilikuwa najua."

Nikashika mlango wa bajaji.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu baba Mbaruku yuko kitandani. Aliniita peke yangu akaniambia. Akaniapisha nisimwambie mama kwamba najua. Wala wewe."

Jamani...

Zulekha alikuwa anasikia. Kila neno. Miaka yote ile ya kukaa kwenye ncha ya kiti, chai haimaliziki, akimficha mwanawe kitu ambacho mwanawe alikuwa akikificha asimuumize yeye. Ulimi wake ulikatika kwa kulinda mlango ambao mwizi keshaingia, kalala, kaamka na kunywa chai.

Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ndefu, haina neno ndani yake. Akarudia. Akarudia tena, ananitazama mimi, anamtazama Ismail.

"Anasema twende nyumbani," Ismail akasema.

Mimi nilisikia kingine. Sikumbishia.

Sasa nyie wajukuu zangu wa humu, najua mtaniuliza kwenye maoni kama nimemsamehe. Nitawajibu, lakini kwanza chukueni hili la bure. Kama una radhi ya kuomba, kamwombe mtu anayeweza kukutukana. Maiti hana neno, na msamaha wa asiye na neno ni kama salamu uliyoiitikia mwenyewe. Msisubiri turubai. Nendeni wakati mwenyewe anamenya vitunguu, na kisu kiko mkononi mwake.

Mimi niliombwa nikiwa nimekufa, kwa hiyo nilipofufuka nilikuwa sijajibu.

Nimemjibu juzi. Nilifunga mlango, nikavuta kigoda karibu na kitanda chake, nikamtukana. Nilianza na yeye, nikaja kwa Mbaruku, nikarudi kwake. Matusi ya Kariakoo ya enzi zetu, ambayo nyie hamyajui na simu zenu hazina herufi za kuyaandika. Nilitukana mpaka sauti ikakauka.

Hakunikwepa. Alinitazama mpaka mwisho, na lile jicho kavu likatoa maji.

Uji ulikuwa umepoa. Nikaupasha moto, nikamlisha.